Siku Nilizohesabu Vibaya

Niseme tu mapema, juu mukinisikia nasimulia na sauti ya kutulia mutafikiri nilikwisha kupona: kuko bamama kule Bulengera benye, mupaka leo, nikibaona mbele yangu mu njia ninaingia mu duka yoyote iko karibu na kuuliza bei ya kitu sina haja nacho (siku moja niliuliza bei ya misumari, muuzaji akaniuliza ni ya kujengea nini). Aibu yangu ilitoka ku neno moja lenye nilisema siku ya Mungu, nje ya kanisa, wakati wa mvua. Hakuna mutu alinilazimisha kulisema.

Jina langu Kahindo. Kwetu ni Kamango, karibu na mupaka wa Uganda. Wakati vita ilirudi kule nilikuwa mu Beni kwa mama yangu mukubwa, nikisoma mwaka wa mwisho wa sekondari, na mama yangu na bandugu zangu badogo balivuka mupaka na miguu, bakabaki upande wa pili mu kambi ya bakimbizi. Mimi sikuvuka, tena masomo sikumaliza (examen ya serikali ilikuta vita imefika Beni pia, tuko mu njia tunakimbia na godoro ku kichwa). Kisha miaka, mama mukubwa akafariki na ugonjwa, nikaenda Butembo peke yangu, nikapanga chumba kimoja Bulengera, nyuma ya nyumba ya mujane mumoja jina lake Mama Kavira. Nilikuwa na miaka makumi mbili na nane, bila bwana, bila mutoto, na mwanamuke wa ule umri mwenye anaishi peke yake, batu banamusalimiaka vizuri kabisa, lakini hakuna mwenye anasogeza kiti aseme ikala.

Kazi nilipata mu bureau ndogo ya photocopie, mahali batu banachajisha pia matelefone. Patron alikuwa muzee mupole, akaniachia nitumie internet ya kazi saa zenye hakuna client. Njo pale masomo yangu ilianza upya.

Kwanza nilipata video za mwalimu mumoja wa filozofia, muzee wa kipara, anafundisha na Kifaransa pole pole mbele ya ubao mweusi, na choki inamuchafua mupaka ku nyusi. Filozofia ilikuwa somo ya ule mwaka sikumaliza, njo maana nilimutafuta. Alikuwa anauliza maswali yenye hakuna mutu aliniulizaka: hiki kitu unasema unakijua, ulikijua namna gani? Ulikiona na macho, ulikisikia kwa mutu, ao ulipenda tu kikuwe kweli? Nilikuwaka namujibu na sauti, peke yangu mu chumba. Siku za ville morte, wakati baliua batu upande wa Beni na muji wote unafunga milango kwa kilio na kwa hasira, hakuna soko, hakuna kazi, hakuna pikipiki inapita, nilikaa ku kitanda kutoka asubuhi mupaka mangaribi na yule muzee wa choki. Nyuma ya ukuta nilisikia bajirani banagombana juu ya chumvi, kisha banacheka, na niliona wivu hata juu ya ule ugomvi. Mimi nilikuwa na mwalimu mwenye hajue kama niko.

Kisha telefone yenyewe, bila kuiomba, ikaniletea mama mumoja mukunga, anaongea Kiswahili cha Tanzania, kisafi mupaka unatamani kukikunja na kukiweka mu sanduku. Alikuwa anafundisha mwili wa mwanamuke: hedhi, mufuko wa uzazi, mayai, siku za kushika mimba na siku zenye mimba haishike. Mimi, siku nilianza kuona mwezi, mama alinipa kipande cha kikwembe chake cha kujifunga na kuniambia nisikaribie bavulana, somo ikaishia pale. Donc kusikia mutu anasema ile mambo yote bila kushusha sauti, sawa anafundisha kupika ugali, ilinishangaza. Nilinunua kaye nikaanza kuandika. Upande moja filozofia, upande ingine tumbo.

Sasa, ile video ya kuhesabu siku, sikuimaliza. Nilianza kuiangalia ku nyumba, na megabytes zangu zikakatika hapo mukunga alikuwa amesema, "Unaanza kuhesabu kuanzia siku ya kwanza," na picha ikasimama, mukono wake juu, kinywa wazi. Siku ya kwanza ya nini? Nikafikiri: bila shaka siku ya kwanza ya kuwa safi, kisha damu kuisha. Nikaona ni mambo ya akili kabisa. Nikaandika vile mu kaye, nikapiga mustari chini na bic nyekundu. Kesho yake ku kazi telefone ikaniletea video ingine, na ile ya kwanza sikuirudilia tena.

Basi siku ya Mungu moja, kisha ibada ya culte, mvua ilitufunga chini ya baraza ya kanisa, mimi na kikundi cha bamama. Mama Kavira, ule mwenye nyumba yangu, njo alikuwa présidente wao. Walikuwa banacheka juu ya kuhesabu siku, na mama mumoja mwenye batoto saba akasema, "Mi nahesabuka vizuri sana, lakini mutoto ananitanguliaka." Bote bakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na mugongo ku ukuta, sawa kila siku ya Mungu, na sijue nini ilinisukuma, nikafungua kinywa.

Nikasema mambo ya hedhi na mayai, na ile Kiswahili ya mukunga, na mukono wangu ukapanda juu sawa wake. Mama Kavira akaniangalia kutoka kichwa mupaka miguu, akauliza, "Kahindo, ile yote ulisomea wapi?"

Ningesema: ku telefone. Nikasema, "Nilisomeaka uuguzi kidogo, kule Beni, mbele ya vita."

(Mbele ya vita, ni kusema vita haijakuya bado, ni jibu nzuri kwetu. Hakuna mutu anakuomba karatasi za mbele ya vita.)

Mama Kavira akasema, "Na unaikala kwangu bila kusema," na akasogea ku benchi, akapiga-piga mahali pa wazi na mukono. Nikaikala. Lile joto la bega lake na la mama mwingine upande wa pili, na mvua inapiga mabati, nililisikia mupaka ku koo. Ningesema uongo mara kumi juu ya ile nafasi.

Kutokea pale bakaniita infirmière. Balianza kupita kwangu mangaribi, mumoja mumoja, na swali mudomoni na sahani ya sombe chini ya kitambaa, ao lengalenga, ao ndizi mbili tatu. Swali nilijua nilijibu. Swali sikujua nilisema, "Ile inategemea na mwili wa kila mutu," na baliona ni jibu la munganga mukubwa. Kisha nikaona kusema na kinywa haitoshe, nikachora kalandrie ku karatasi, na maelezo yangu chini, yenye kaye yangu ilisema, na siku za hatari nimezizungushia. Nikazipiga photocopie ku kazi (karatasi za patron, hilo pia niliungama kisha). Bamama bakazikunja bakazifunga mu ncha ya kikwembe. Nilikuwa ninaona ile mafundo ku kanisa, na ninajisikia mutu.

Mu bale bamama kulikuwa Masika. Yeye pia alikuwa mukimbizi, alitoka kijiji kimoja karibu na Mavivi, juu ya Beni kule, akakuya Butembo na batoto batatu kukaa kwa bakwe zake. Bwana yake alibaki kuangalia cacao, juu bakiacha shamba bengine banavuna, na alikuwaka anakuya kuwaona siku chache tu kila mwezi, kama barabara iko sawa. Masika batoto babili ba mwisho alibazaa na operation. Docta alimwambia mufuko wake umechoka, apumuzike miaka, asishike mimba haraka. Na dawa za kuzuia mimba aliogopa, juu mama-mukwe yake alisema zinaharibu damu.

"Donc," akaniuliza siku ya kwanza alikuya, "bwana yangu akifika, nitajua aje kama ni siku nzuri?"

Nikamupa karatasi. Nikamwambia, "Fuata hii, hapana kuogopa."

Hayo maneno mawili ya mwisho njo ingali inaniuma.

Kisha pale Masika akawa anakuya mara na mara. Alileta maharagi tunachambua pamoja ku mulango, batoto yake banalala ku kitanda changu na miguu ya matope, na yeye anasimulia namna balikimbia, namna alibeba sufuria yenye chakula ndani juu hakutaka kuimwanga, na anacheka mupaka anapanguza macho. Nilimusimulia juu ya mama yangu ku kambi, namna réseau ya telefone inakatika kila mara kabla hatujaagana. Juu ya telefone na bale walimu babili sikumusimulia. Nilikaribia siku moja, nikameza.

Miezi mitatu ikapita hivi. Mama Kavira akapanga mukutano wa bamama bote, Posho, njo Jumamosi, mchana, ku salle ya kanisa, na akaalika muuguzi wa kweli kutoka centre de santé, kituo cha afya, mama mumoja jina lake Zawadi. Nilimwambia Mama Kavira niko na kichwa inaniuma. Akanijibu, "Utakunywa dawa, si uko infirmière," na akaniweka mbele, ku meza yenye kitambaa cheupe na chupa za Fanta, kando ya Mama Zawadi, mbele ya salle imejaa mupaka ku madirisha.

Mama Zawadi alikuwa mutu wa sauti ya chini, na miwani. Wakati banaimba akaniinamia, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu, sawa mutu mwenye amepata mwenzake wa kazi.

"Ulimaliza mwaka gani?"

"Mbele ya vita," nikasema.

"Vita gani?"

Bamama ba mustari wa kwanza balisikia, bakacheka kidogo, juu ni kweli, kwetu unapaswa kusema ni ipi. Nikacheka nao.

Mama Zawadi akasimama, akachora duara ku ubao. Akaanza kufundisha pole pole, na nilianza kupumua, juu mengi ilikuwa sawa na kaye yangu. Kisha akaweka choki juu ya duara akasema, "Tunahesabu kuanzia siku ya kwanza damu inatoka. Moja ni hiyo. Si siku inaisha, ni siku inaanza."

Nilisikia salle inasonga-songa. Mama mumoja akafungua ncha ya kikwembe chake. Mwingine akafungua. Karatasi zangu zikaanza kutoka, moja, tatu, zikajaa ku magoti, zimekunjwa vizuri, na bamama banaangalia ubao, banaangalia karatasi, banaangalia mimi. Mimi nilikuwa naangalia Fanta.

Masika njo alisimama.

"Mama infirmière," akamwambia Mama Zawadi, "hapa balituandikia tuanze kuhesabu kisha damu kuisha. Ya kweli ni gani?"

Mama Zawadi akachukua ile karatasi, akaivuta karibu na miwani, akaisoma yote. "Hii iliandikwa na nani?"

Vichwa vyote viligeuka upande wangu, na ile ilitosha. Akaniangalia. Hakupandisha sauti.

"Mama, hii ulijua aje?"

Swali ya yule muzee wa choki, neno kwa neno. Miaka miwili nilimujibu vizuri sana, mu chumba, peke yangu, na siku balinikuta nayo mbele ya batu nikatafuta jibu ku kitambaa cha meza.

"Ku video," nikasema. "Ku telefone."

"Shule ya uuguzi?"

"Sikusoma."

"Na ile video, uliimaliza?"

"Hapana. Megabytes zilikatika."

Hapo salle ikapasuka na kicheko. Mama mwenye batoto saba alicheka mupaka akainama. Nikasimama nitoke, na sijue namna gani, kitambaa cha meza kilikuwa kimekamatana na kifungo cha jipe yangu, sketi ya kanisa, kikanifuata, chupa zikaanguka, Fanta ikamwangika juu ya karatasi za Mama Zawadi na juu ya Biblia ya Mama Kavira. Nikabaki pale katikati ya salle na kitambaa cheupe nyuma yangu sawa bibi-arusi, na kicheko ikazidi.

Kisha Masika, mwenye alikuwa angali amesimama, akauliza na sauti ndogo, "Donc mwenye bwana yake alikuya siku ya sita ya hii karatasi, yenye haikuzungushiwa?"

Kicheko ikakatika. Mama Zawadi alihesabu na bidole, nilimuona. Akaondoa miwani, akamukamata Masika mukono, bakatoka nje babili. Masika alipita mbele yangu bila kuniangalia, na mukono wake mwingine chini ya kitovu.

Mama Kavira akafunga mukutano na maombi ya mwisho, akapita mustari kwa mustari akikusanya karatasi zangu mu kitunga. Kwangu alisema neno moja tu: "Toa ile kitambaa."

Masika alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Hayo majuma yenye yalifuata sitaki kuyarefusha. Hakuna mutu alipita tena mangaribi. Batu balinisalimia vizuri. Mama Kavira hakunifukuza, lakini alinilazimisha siku ya Mungu moja nisimame mbele ya bamama bote na niseme na kinywa changu: sikusoma uuguzi, nilidanganya, muende ku centre de santé. Nilisema. Nikarudi kusimama ku ukuta wangu. Ku chumba nilikaa bila kufungua telefone, kisha mangaribi moja nikaitafuta ile video, nikaiangalia kutoka mahali ilikatikia. Zilibaki dakika ine. Mukunga alisema ni siku ya kwanza ya kutoka damu. Akasema tena kama mwanamuke mwenye mwezi wake unabadilika-badilika asitumie ile hesabu, na kila mutu amuone kwanza muhudumu wa afya karibu naye. Yote ilikuwa pale. Dakika ine.

Miezi ikapita, nikapata nguvu ya kwenda kwa Masika. Nilimukuta kwa bakwe zake, nyuma ya jiko, anamenya ndizi, tumbo tayari kubwa. Hakuniambia niikale. Nilianza kusema kila kitu, ya chumba, ya ville morte, ya mwalimu wa kipara, ya mukunga, ya mvua, ya ile nafasi ku benchi. Nilisema, "Nilidanganya juu nilitaka mukuye kwangu."

Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Niko na hasira na weye, Kahindo. Docta ananiambia pengine nitabaki ku meza ya operation. Nalala nafikiri batoto."

"Najua."

"Haujue. Na unajua nini inaniuma zaidi?" Akaweka kisu chini. "Karatasi nilikuya kuchukua siku moja. Siku zingine zote nilikuya kuikala na weye. Mimi pia hapa sina mutu. Na weye ulikuwa unafikiri nakuyia docta."

Nilichukua kisu, nikaanza kumenya zenye zilibaki. Aliniachia. Wakati natoka akasema, bila kugeuka, "Siku ya pili ya juma niko na consultation. Njia ni ndefu na mugongo unaniuma."

Nikaenda naye ile siku ya pili, na zingine zote. Nilimubebea sakoshi, nilibaki ku benchi, nilisikia mama-mukwe yake anabishana na Mama Zawadi juu ya dawa na damu. Siku ya operation bwana yake alikuwa angali mu barabara, magari yamesimamishwa juu ya masasi inalia mbele, na mimi njo nilisimama ku mulango na bikwembe vya mutoto mukononi. Niliomba sala zote najua, kisha zikaisha, nikabaki nahesabu matofali. Balitoka bazima bote babili. Musichana. Docta alifunga mirija siku ileile, na Masika mwenyewe njo alikuwa ametia sahihi, mapema, na macho wazi, kisha kuuliza Mama Zawadi maswali yake yote.

Video ningali naangalia, za choki na za tumbo, na nimeapa sitaandika neno mu kaye kabla mwisho kufika. Lakini kiapo kikubwa ni ingine. Mwanamuke akiniuliza kitu cha mwili wake, ninamujibu: sijue, ila kesho asubuhi niko na nafasi, tutaenda kuuliza babili. Bengi banaona bora baende bila mimi, na siwalaumu. Bengine, zaidi bale bageni, benye bamefika mu muji juzi na hawajue mutu, bananiangalia kidogo, kisha banasema sawa, unipitie.